Mkate wa mtama uliogoma kuumuka: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dodoma

Kisa hiki ni cha bekari ndogo mjini Dodoma, upande wa Kizota. Mwenye bekari ni mama mtu mzima ambaye skonzi zake za ngano zinajulikana mtaani kwa ulaini. Bei ya unga wa ngano ilipopanda mfululizo, aliamua kuchanganya na unga wa mtama, na hesabu yake ilikuwa ya maana. Ngano tunayokula nchini kwa sehemu kubwa inaletwa kwa meli. Ile ya Hanang na ya Nyanda za Juu Kusini haitoshi. Dola ikipanda, mwokaji wa Dodoma anaumia. Mtama uko mlangoni: Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, wilaya zote hizi zinaulima kwa sababu unavumilia mvua zetu za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, zisizozidi sana milimita 600 kwa mwaka. Na mteja alikuwepo tayari. Chekechea moja ilitaka watoto wapate mkate wenye nafaka ya kwetu.

Alianza na nusu kwa nusu. Kinyunya kilikubali maji, lakini kilipovutwa hakikuvutika, kilikatika. Kilipoachwa kiumuke kilipanda kidogo, kisha juu kikaota nyufa kama ardhi ya Bahi mwezi wa Oktoba, na hewa ikatokea hapo. Mkate ulitoka tanurini mfupi na mzito. Ulipokatwa slesi ulimomonyoka, na kesho yake ulikuwa chenga tupu. Aliongeza hamira, mkate ukanuka hamira. Aliongeza maji, ukawa mbichi katikati. Ndipo akaniita, kwa kuwa kazi yangu ni ya nafaka na unga.

“Mwanangu, huu mtama una nini?”

Kila mtu alikuwa ameshampa jibu lake. Msagishaji alilaumu mtama wa mwaka huo. Muuza hamira alilaumu tanuri. Jirani alisema mtama ni chakula cha ugali na pombe, hauwezi kuwa mkate, basi. Wa mwisho alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wengine, ila sababu hakuitoa, na pasipo kuijua sababu huwezi kujua uache nini na ujaribu nini.

Kuondoa majibu yasiyo sahihi

Hamira ilikuwa hai: pakiti ile ile ilikuwa imeinua skonzi za ngano tupu asubuhi hiyo hiyo. Tanuri nalo likaondoka kwenye orodha kwa ushahidi huo huo.

Tanini niliipima. Mitama mingine ina tabaka jeusi chini ya ganda lenye tanini, ambayo hushika protini na kuukausha ulimi, na watu wengi hudhani kila mtama mwekundu unayo. Rangi ya ganda haitoshi kukuambia. Kipimo chenyewe ni rahisi: punje zinalowekwa kwenye dawa ya klorini ya kufulia iliyotiwa soda kali, ganda linayeyuka, na punje yenye tabaka la tanini inageuka nyeusi ti. Za mama zilibaki nyeupe. Ulikuwa mtama mweupe wa aina ya Macia, ambao wakulima wengi wa Dodoma wanaujua, na Macia haina tanini.

Usagaji ulikuwa na kasoro kidogo. Unga ulikuwa wa mchangamchanga. Tukausaga upya kwa chekecheo laini. Mkate ukawa na mwonekano mzuri zaidi na ukapasuka vile vile.

Basi tukafanya jaribio ambalo ningependa kila mwokaji alifanye mara moja maishani. Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa vizuri, kubwa kama limau, ulikande polepole ndani ya bakuli la maji. Maji yanakuwa meupe kama tui; huo ni wanga unaotoka. Mwaga, weka maji mengine, endelea. Mwishoni mkononi mwako kunabaki kitu cha rangi ya kijivu, kinachovutika na kurudi, kinachonata kidogo na kuteleza kidogo. Hiyo ni gluteni. Jacopo Beccari wa Bologna, Italia, aliitenga kwa njia hii hii na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1745. Kisha chukua donge la unga wa mtama, ulifanyie vivyo hivyo. Linayeyukia vidoleni. Mama alitumbukiza mkono ndani ya bakuli kutafuta kilichobaki, akapapasa chini, akautoa mkono mtupu.

Lakini mtama una protini. Kwa wastani punje yake haipungui sana kwa ngano: zote mbili mara nyingi ziko kwenye asilimia 10 hadi 12 hivi, kutegemea shamba na aina. Kwa hiyo swali halisi la kisa hiki ni kwa nini protini ya mtama, ikiwa kiasi kinakaribiana, haifanyi utando unaoshika hewa. Na jibu liko kwenye jeni, kwenye historia ya miaka mamilioni mengi kabla ya mwanadamu yeyote kukanda unga.

Ukoo mmoja wa protini

Mbegu haihifadhi protini kwa ajili yetu. Inahifadhi naitrojeni iliyomo ndani yake kwa ajili ya mche utakaochipua kabla haujapata mizizi ya kujitegemea. Katika nafaka, akiba hiyo iko kwenye sehemu ya wanga iliyo kando ya kiinitete. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia Thomas Osborne, aliyefanya kazi Connecticut, Marekani, aligawa protini za mbegu kwa kuangalia kinachoziyeyusha: maji, maji ya chumvi, alkoholi, na asidi au alkali hafifu. Zile za alkoholi aliziita prolamini, kwa sababu zimejaa asidi amino (viungo vinavyounda protini) mbili, prolini na glutamini. Gliadini za ngano ziko humo. Glutenini, wenzake kwenye gluteni, ziliwekwa kundi jingine kwa kuwa haziyeyuki kirahisi, lakini kwa mpangilio wa jeni nazo ni prolamini. Shayiri ina hordeini, rai ina sekalini, mahindi yana zeini, na mtama una kafirini.

Zote ni ndugu. Ushahidi mkubwa ni saisteini, asidi amino yenye salfa. Saisteini mbili zikikutana hufungana kwa daraja la salfa, na daraja hilo ndilo linaloshikilia umbo la protini. Katika prolamini nyingi kuna mpangilio wa saisteini nane ambao unaonekana pia kwenye protini ndogo ndogo za mbegu ambazo hazina uhusiano wowote na mkate: albumini za akiba za mimea kama alizeti, na vile vizuizi vya vimeng'enya vinavyoisaidia mbegu kujikinga na wadudu. Wataalamu wamehitimisha kuwa prolamini zilitoka kwenye protini ndogo ya kale ya aina hiyo. Jeni yake ilinakiliwa, nakala zikatawanyika, na ndani ya baadhi ya nakala kikachomekwa kipande kifupi chenye prolini na glutamini ambacho kilijirudia, kikajirudia tena, mpaka kipande hicho kikawa sehemu kubwa ya protini nzima.

Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Protini inayofanya kazi, mfano kimeng'enya, hairuhusiwi kubadilika ovyo. Ukibadilisha kiungo kimoja cha lazima inakufa, na mmea nao unadhoofika. Protini ya akiba haina sharti hilo. Kazi yake ni kuwepo, ikunjwe vizuri, ikae salama mpaka siku ya kuota. Ikirefuka, sawa. Ikifupika, sawa. Jeni ikinakiliwa mara kumi, naitrojeni imeongezeka tu. Na vipande vinavyojirudia vina tabia ya kuteleza wakati kromosomu zinapobadilishana sehemu, upande mmoja unapata virudio zaidi na mwingine unapungukiwa. Ndiyo maana jeni hizi zimebadilika kwa kasi kubwa, kila ukoo wa nyasi ukaenda njia yake.

Ukoo wa ngano na ukoo wa mtama na mahindi ulitengana takribani miaka milioni 50 iliyopita. Mtama na mahindi wenyewe wametengana karibuni zaidi, kama miaka milioni 12. Baada ya mgawanyiko ule mkubwa, kila upande ulijiundia prolamini zake mpya. Upande wa ngano, shayiri na rai zilitokea glutenini kubwa. Upande wa mtama, mahindi na muwa zilitokea prolamini za alfa. Unapochanganya unga wa ngano na wa mtama bakulini, unakutanisha protini ambazo hazikuwahi kuishi punje moja.

Ngano ilikopa mara tatu

Ngano ya mkate ina seti tatu za kromosomu, kwa sababu imetokana na nyasi tatu. Ya kwanza ni Triticum urartu, iliyotoa seti A. Ya pili ni ndugu wa Aegilops speltoides, seti B. Hizi mbili ziliungana zamani sana, zikazaa ngano ya aina inayotumika leo kwa tambi. Kisha, chini ya miaka 10,000 iliyopita, mashambani mwa wakulima wa kale huko kwenye ukanda wa Bahari ya Kaspi, ngano hiyo ikachanganyika na nyasi ya porini Aegilops tauschii, iliyoleta seti D. Jinomu iliyopatikana, yaani jumla ya DNA yake, ni kubwa ajabu. Ramani kamili iliyochapishwa mwaka 2018 iliorodhesha jeni 107,891 zenye uhakika. Jinomu ya mtama, iliyosomwa mwaka 2009, ni ndogo kuliko hiyo zaidi ya mara ishirini.

Jeni za glutenini kubwa ziko kwenye mkono mrefu wa kromosomu namba 1 ya kila seti, na kila mahali ziko mbili mbili, moja inaitwa x na nyingine y. Uwili huo ulitokea kabla nyasi zile tatu hazijaachana, kwa sababu zote zinao. Hesabu ya haraka inatoa jeni sita, lakini aina nyingi za ngano hutumia tatu hadi tano tu. Ile ya y kwenye seti A imekufa karibu katika ngano zote za mkate.

Protini zake zimeumbwa kwa namna inayoeleza kila kitu kilichotokea kwenye lile bakuli. Katikati kuna mamia ya asidi amino zinazojirudia kwa vipande vifupi vya sita, tisa, na wakati mwingine tatu, vyenye glutamini nyingi inayopenda maji na kushikana na jirani yake. Miisho yote miwili ina saisteini. Sehemu ya kati inakunjuka ikivutwa na kujikunja ikiachiwa. Miisho inashikana kwa salfa na protini inayofuata, na inayofuata, mpaka unapata mnyororo mkubwa kuliko protini nyingine yoyote tunayoijua jikoni. Gliadini zinajipenyeza katikati na kuulainisha. Punje inapokomaa, vifuko vya protini za ngano huungana kuwa tandiko moja linalozunguka chembe za wanga, kwa hiyo mwokaji anapotia maji na kukanda, protini ziko wazi, zimeshaanza kugusana.

Tofauti ndogo tu humo inabadilisha mkate. Peter Payne na wenzake Cambridge, Uingereza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walionyesha kuwa ngano yenye jozi iitwayo 5 na 10 kwenye seti D inatoa kinyunya chenye nguvu kuliko yenye jozi ya 2 na 12. Glutenini namba 5 ina saisteini moja ya ziada. Saisteini moja, mahali pamoja zaidi pa kufungana. Ndiyo maana nilimuuliza mama kama unga wake wa ngano ni wa mikate au wa maandazi, na akashangaa swali hilo linahusiana nini na mtama. Linahusiana sana: ukitaka ngano ibebe mzigo wa mtama, chagua ngano yenye mgongo.

Uhuru ule wa protini za akiba una gharama, na gharama inaonekana kwenye gliadini za alfa. Glutamini huandikwa kwenye jeni kwa herufi CAA au CAG. Herufi C ikigeuka T, kosa ambalo ni la kawaida sana kwenye DNA, unapata TAA au TAG, alama za kusimamisha usomaji. Protini iliyojaa glutamini ina mitego hiyo kila hatua. Katika ngano ya Chinese Spring, inayotumika kama kipimo duniani, zimehesabiwa jeni 47 za gliadini za alfa, na ni 26 tu zinazotoa protini kamili. Zilizobaki ziko pale kwenye kromosomu, zinaonekana, hazisemi chochote.

Mtama ulijenga ghala lake

Kafirini za alfa ndizo nyingi kuliko zote kwenye punje ya mtama. Nazo zimejaa virudio, lakini virudio vya asidi amino zinazokwepa maji. Jeni za kundi moja tu la kafirini hizo zimepangana mfululizo kwenye kromosomu zikiwa nakala kama ishirini zinazofanana sana. Mahindi yana mpangilio wa aina hiyo hiyo: katika aina moja iliyochunguzwa, familia ya zeini ya jamii hiyo ina jeni 23, na saba tu ndizo zilizokuwa zinafanya kazi.

Kafirini hazimwagiki kuwa tandiko. Zinabaki ndani ya vifuko vya duara, vidogo mno, vilivyobanwa kati ya chembe za wanga hadi punje inakauka. Kafirini za alfa ziko katikati, na za beta na gama, zenye saisteini nyingi, ziko nje zikiwa ganda. Ukikanda unga wa mtama usiku kucha, maji hayaingii humo. Protini ipo, imefungiwa. Ndiyo sababu mama alitoa mkono mtupu.

Hata hivyo hazijakosa kabisa uwezo. Zeini ya mahindi, ndugu yake wa karibu, ikishatolewa ndani ya vifuko na kukandwa na maji kwenye joto la nyuzi 35 hivi, inavutika karibu kama kinyunya cha ngano. Ikipoa inakuwa ngumu. Kwa hiyo vikwazo ni viwili, ganda la kifuko na joto, na vyote viwili vinaweza kuguswa.

Upande wa watoto

Nilipofika hapa nilimwomba mama tuache mkate kidogo tuzungumzie chekechea, kwa sababu ganda lile lile lina jambo zito zaidi.

Ukipika mtama kwa maji, saisteini za ganda hufungana kwa wingi zaidi. Ganda linakazana, na vimeng'enya vya tumboni vinashindwa kulivunja upesi. Wanga unashibisha, protini inapita. Utafiti wa MacLean na wenzake uliofanyika Peru, ukachapishwa mwaka 1981, ulipima watoto wadogo waliokuwa wanapona utapiamlo. Walifyonza asilimia 46 tu ya naitrojeni ya uji wa mtama, wakati kwa ngano kiasi kilikuwa asilimia 81. Tena kafirini karibu hazina laisini, asidi amino ambayo mtoto anayekua hawezi kuitengeneza mwilini. Namba hizi zisitumiwe kuudharau mtama. Watoto wale walikula mtama peke yake kama chanzo cha protini, jambo ambalo jiko la Mgogo halifanyi. Ugali wa mtama au uwele unakwenda na mlenda wenye karanga, kuna kunde, kuna njugu mawe, kuna maziwa kwa mwenye ng'ombe. Kunde na njugu zinahifadhi naitrojeni kwa protini za ukoo tofauti kabisa, globulini, zenye laisini ya kutosha. Aliyepanga sahani ile hakuwa na maabara, na aliipanga vizuri.

Kuchachua nako kunasaidia. Unga wa mtama ukichachuliwa kabla ya kupikwa, protini yake inameng'enywa vizuri zaidi. Anayejua kutengeneza togwa anayo tayari nusu ya ufundi huu.

Kubadilisha punje yenyewe

Watafiti wamejaribu kulegeza ghala. Mwaka 1964 Edwin Mertz na wenzake wa Purdue, Marekani, waligundua kwamba mahindi yenye jeni iliyoharibika iitwayo opaque-2 yana zeini kidogo na laisini nyingi. Mwaka 1973 Singh na Axtell, hapo hapo Purdue, wakaonyesha jambo la namna hiyo kwenye mtama wa wakulima wa Ethiopia, aina ambazo wenyewe walikuwa wakizitunza shambani kwa ladha yake. Baadaye, kwa kemikali za kubadilisha jeni, ukapatikana mtama uitwao P721, na kutoka kwenye ukoo wake mitama ambayo vifuko vyake si duara tena. Vimebonyea na kukunjamana, kafirini za alfa zimefikika, na tumbo linazipata. Chanzo ni herufi moja kwenye ile sehemu ya kafirini inayoiongoza protini kuingia mahali pake ndani ya seli. Mahindi ya floury-2 yana kasoro ya aina hiyo hiyo, iliyozuka peke yake. Na mwaka 2018 watafiti wa Nebraska walitumia mbinu ya kuhariri jeni kugusa kwa pamoja zile nakala ishirini za kafirini, wakapata punje yenye laisini zaidi na protini inayomeng'enyeka vizuri.

Kwa mwokaji, habari kubwa ni ya mwaka 2012: unga wa mtama wenye vifuko vilivyokunjamana, ukichanganywa na wa ngano na kukandwa kwenye uvuguvugu, kafirini zake zinashiriki kwenye utando. Hazibaki tena kama changarawe katikati ya gluteni.

Kwa nini basi mitama hii haijajaa Dodoma? Kwa maoni yangu sababu kuu ni ugumu wa punje. Pasua punje ya mtama wa kawaida kwa wembe uitazame juani. Pembeni inang'aa kama kioo, katikati ni unga mweupe. Sehemu ile ya kioo inashikiliwa na vifuko vya kafirini. Ukipunguza kafirini, punje inakuwa laini yote, inavunjika kwenye kinu wakati wa kukoboa, na fukusi na ukungu wanaifurahia. Mkulima wa Chamwino anayehifadhi mtama mpaka msimu ujao, na pengine mpaka unaofuata kama mvua imekataa, hawezi kubadilishana usalama wa ghala lake na laisini. Ana haki kabisa. Mzalishaji wa mbegu anayempelekea punje laini bila kumwambia hivyo anamtwika hasara yake mwenyewe.

Tulichofanya bekari

Nusu kwa nusu tuliiacha. Kwa skonzi tulishuka hadi sehemu 15 za mtama kwa 85 za ngano, na ngano ikawa ya mikate, yenye gluteni kali. Kiwango hicho hakikutoka hewani: majaribio mengi ya unga mseto, kazi ambayo FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, iliisukuma tangu mwaka 1964, yanaishia kati ya sehemu 10 na 20 kabla mkate haujaanza kuporomoka. Kila chembe ya mtama inaupunguza utando na kuukata.

Theluthi moja ya unga wa mtama tuliupika uji mzito kwanza, tukauacha uchache usiku, ukaingia kwenye kinyunya asubuhi ukiwa na uvuguvugu. Wanga wa mtama unahitaji joto kubwa kuliko wa ngano ili uive, kwa hiyo ukiingia mbichi unachelewa kushika maji, na mkate unakauka mapema. Uji ulioiva unashika maji tangu mwanzo. Hapa mabadiliko yalionekana waziwazi: skonzi ya siku ya pili ilikatika slesi bila kumwaga chenga. Haikujaa kama ya ngano tupu, na mama aliwaambia wateja hivyo bila kuficha.

Kwa chekechea tuliachana na mkate. Biskuti haihitaji utando wa kushika hewa. Gluteni kali inaiharibu, inaifanya ngumu. Tukatengeneza biskuti zenye mtama mwingi, uliochachuliwa na kukaushwa, na karanga zilizosagwa kwa ajili ya laisini. Mtama ambao kwenye mkate ulikuwa mzigo ukawa hapa ndio malighafi inayofaa. Watoto walizimaliza, na mama akapata bidhaa ambayo bei ya dola inaigusa kidogo sana.

Jambo moja nilimkataza. Alitaka kuandika kwenye pakiti ya skonzi kwamba inawafaa wasiokula gluteni, kwa kuwa amesikia mtama hauna. Ni kweli hauna: lile pande la gliadini ya alfa lenye asidi amino 33, ambalo kinga ya mwili wa mgonjwa wa siliaki, ugonjwa wa kutostahimili gluteni, hulishambulia, linatokana na jeni za ukoo wa ngano, kwenye seti D. Lakini skonzi zake ni ngano kwa sehemu 85, na hata biskuti zinakandwa kwenye meza ile ile yenye vumbi la ngano. Mgonjwa anaweza kuumia kweli.

Nilichobaki nacho ni swali la kuwapelekea watafiti wa mtama wa TARI Hombolo, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania hapa hapa Dodoma. Je, mtama wenye vifuko vilivyokunjamana unaweza kulimwa hapa kwa mkataba, eneo dogo, uvunwe na kupelekwa kinuni ndani ya wiki chache bila kupita kwenye ghala la mkulima, na Macia ibaki kuwa mtama wa nyumbani? Mama ameshasema atanunua gunia la kwanza, kwa sharti moja: alikande mwenyewe kwanza, kwenye bakuli la maji.